Mwalimu wa Viumbe Hai: Somo Kutoka Ziwa Nakuru

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, majumba yetu mengi huingia katika mashauri. Binti amepata alama za wastani. Mvulana hakufikia alama za kuingilia chuo kikuu. Wazazi, wajomba na mashangazi hukaa pamoja wakapima njia. Aghalabu ualimu hutajwa mapema. Ni kazi ya heshima, saa zake zajulikana, na mwenye kuifanya kwa ikhlasi huacha elimu inayowanufaisha watu hata baada yake. Yote haya ni kweli. Walakini lipo swali ambalo ni nadra kulisikia katika mashauri hayo: huyo mwalimu tarajali atafunzwa vipi, hata naye aweze kumfunza mtoto wa miaka minane au kumi?

Katika toleo hili twalitazama swali hilo kwa upande mmoja tu, upande wa elimu ya viumbe hai: wanyama, ndege, samaki na wadudu, na namna wanavyozaliwa, wanavyokula na wanavyotegemeana. Ni elimu ambayo mtoto huijia shuleni akiwa tayari na hamu. Mtoto asiyejua kusoma hata herufi moja huweza kuchutama nusu saa akiutazama msafara wa siafu. Ajabu ni kuwa hamu hiyo mara nyingi huzimika darasani, kabla mwenyewe hajamaliza shule ya msingi. Twaamini kuwa sababu kubwa imo katika namna mwalimu alivyoandaliwa chuoni.

Mahali pa kulitazamia jambo hili tumechagua Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa. Familia nyingi za pwani zina jamaa huko, na barua na simu kati yetu nao hazikatiki. Tena ziwa la huko, katika muda wa miaka michache, limewapa walimu wa Kenya mtihani ambao haukutungwa na baraza lolote.

Ziwa lilipokitangulia kitabu

Ziwa Nakuru liko kwenye kimo cha takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huliingia, wala hakuna mto utokao. Maji hupungua kwa kugeuka mvuke juani, nayo magadi hubaki. Katika maji makali namna hiyo samaki wa kawaida hawaishi, lakini hustawi viumbe vidogo mno vya kijani viitwavyo spirulina. Hicho ndicho chakula kikuu cha heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu huwaita flamingo. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, akavuta maji na kuyachuja kama mtu achujaye tui. Rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho. Kifaranga chake huanguliwa akiwa wa kijivu.

Kwa ajili ya ndege hao ziwa likapata jina duniani. Lilifanywa hifadhi ya ndege mwaka 1961, likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa la kwanza nchini Kenya kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2011, pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita, likaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Vitabu vya shule navyo vikaandika: heroe wako Nakuru. Vizazi vya wanafunzi vimeijibu sentensi hiyo katika mitihani vikapata alama.

Kisha, tangu mwaka 2010 hivi, maji yakaanza kupanda. Ziwa lililokuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 40 likapita 60. Lango kuu la mbuga lilifunikwa na maji, ikabidi njia ya kuingilia ihamishwe. Migunga ya kandokando ilikufa ikisimama majini. Maji yalipoongezeka, ukali wa magadi ulipungua. Spirulina nayo ikapungua. Na heroe wengi wakaruka kwenda kutafuta riziki kwingine, hasa Ziwa Bogoria lililo upande wa kaskazini.

Sasa tuwafikirie walimu wawili, kila mmoja akiwa na darasa la gredi ya 5 katika mtaa wowote wa mji wa Nakuru. Wa kwanza alifunzwa chuoni kuwa somo ni maneno ya kukaririwa. Huyu atasimama mbele ya watoto wanaoliona ziwa kutoka vilimani kwao, naye atawaambia kuwa heroe wamejaa hapo, kwa kuwa kitabu kimesema. Mtoto atakayeinua mkono na kusema, "Mwalimu, mbona hatuwaoni?" ataambiwa aketi. Wa pili alifunzwa kutazama na kuuliza. Atalichukua swali lile lile la mtoto na kulifanya kuwa somo la wiki nzima: heroe alikuwa akila nini? Chakula hicho chataka maji ya namna gani? Nini kimeyabadili maji? Ni ndege gani waliobaki, na wao wala nini?

Swali hilo la mwisho lina kisa chake. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, samaki wadogo wa jamii ya tilapia, wenye kuvumilia magadi, waliletwa Ziwa Nakuru kutoka Ziwa Magadi. Waliletwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaliana, na ndege wala samaki wakafuata: mwari wakawa wengi mahali ambapo zamani hawakuwa na chakula cha kutosha. Watu walikusudia mbu, wakapata mwari. Mtoto akikielewa kisa hiki ameelewa kuwa viumbe wameshikana kama nyuzi za mkeka, na ukivuta mmoja wasogea wengine. Kukielewa, hata hivyo, kwahitaji mwalimu aliyewahi yeye mwenyewe kufuata uzi kama huo hadi mwisho.

Mdudu aliyefanywa mwalimu

Huenda msomaji akadhani kuwa tunadai jambo geni. Sivyo. Katika miaka ya 1960 palikuwa na mpango mkubwa wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioshirikisha nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Watungaji wake waliona kuwa shule zetu hazina maabara, na kuwa haitafaa kungoja zijengwe. Wakatunga vijitabu vya walimu kutokana na vitu vinavyopatikana popote: mchanga, majani, mbegu, makopo na wadudu.

Kijitabu kimoja kilimhusu mdudu ambaye kila mtoto aliyelelewa kwenye nyumba yenye ua wa mchanga amemchezea. Ni yule anayechimba kishimo cha duara chini ya upenu, mfano wa faneli ndogo, kisha akajificha kitakoni. Sisimizi akiteleza, mdudu humrushia mchanga ili aporomoke, akamkamata. Jina la kijitabu lilimhimiza mtoto amuulize mdudu mwenyewe. Maana yake, usimuulize mwalimu mdudu huyu anakula nini. Mpelekee chakula uone. Usiulize kama anatembea mbele au nyuma. Mweke juu ya mchanga laini utazame alama zake. Mtoto atagundua kuwa hurudi kinyumenyume. Akivumilia kumfuga siku nyingi kwenye kopo la mchanga, huenda akaona ajabu kubwa zaidi: kuwa huyu mdudu mnene wa vumbini ni mtoto tu, na akishakua hutoka na mbawa ndefu mfano wa kerengende.

Je, mafunzo ya namna hiyo yalifaa? Mtafiti Eleanor Duckworth, aliyesoma chini ya mwanasaikolojia mashuhuri Jean Piaget, alipewa kazi ya kuyapima. Hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Alijaza chumba vitu vya kila aina, vingine vya kawaida na vingine vya kigeni, kisha akawaingiza watoto kwa makundi na kuwaacha wafanye watakavyo, naye akitazama. Watoto waliopitia mpango ule walipata mambo mengi zaidi ya kufanya na vitu vile, tena mambo yenye mpango ndani yake. Wenzao ambao hawakuupitia waliishiwa na mawazo mapema. Kilichokuwa kimeongezeka kwa wale wa kwanza ni mazoea ya kuwa na wazo, kulijaribu, na kuzaa wazo jingine.

Mtihani ulivyoyafumba macho

Ikiwa jambo hili lilijulikana zamani hivyo, kwa nini halikuota mizizi? Sababu ni kadhaa, na twataja mbili zilizo dhahiri.

Ya kwanza ni mtihani. Kuanzia 1985 hadi 2023, mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE, na karatasi ya sayansi ilikuwa ya maswali 50 ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kumwuliza mtoto ameona nini. Mwalimu mwenye busara, akijua kuwa shule yake itapimwa kwa alama hizo na wazazi watampima kwa alama hizo, alifanya lililotarajiwa: akaandika majibu ubaoni, watoto wakanakili. Tusimlaumu mwalimu peke yake. Sisi wazazi ndio tuliouliza, "Umepata ngapi?" wala hatukuuliza, "Umeona nini?"

Ya pili ni chuo chenyewe. Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi aliandaliwa kwa miaka 2 na kupewa cheti cha P1. Katika muda huo mfupi alitakiwa ajiandae kufundisha karibu kila somo. Sayansi ikawa somo moja kati ya mengi. Na kwa kuwa mwalimu hufundisha jinsi alivyofundishwa, kijana aliyekariri sehemu za panzi sekondari, akazikariri tena chuoni, alikwenda kuwakaririsha watoto wa darasa la nne, ilhali panzi wenyewe wanaruka uwanjani.

Majaribio ya kurekebisha hayakukosekana. Mwaka 1998, kwa ushirikiano wa Kenya na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, ulianza mradi wa kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi uliojulikana kama SMASSE. Ulianza katika shule za sekondari, na baadaye walimu wa msingi nao wakahusishwa. Mambo manne ulisisitiza: kazi za vitendo, mwanafunzi awe katikati ya somo, majaribio, na ubunifu wa vifaa kwa vitu vilivyopo. Mwenye kukumbuka vile vijitabu vya miaka ya 1960 ataona kuwa wazo ni lile lile, limerudi kwa mlango mwingine.

Kisha ukaja mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutumika nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu navyo vikabadili mwendo: badala ya cheti cha P1 ikaja stashahada ya miaka 3. Vyuo vya umma vilivyo katika eneo hilo pana la Bonde la Ufa, kama vile Baringo, Narok, Kericho na Tambach, na vilevile chuo chetu cha Shanzu hapa Mombasa, vyote vimo katika safari hiyo. Mwaka mmoja zaidi si haba. Lakini mwaka ni chombo tu. Kinachojaliwa ni kilichotiwa ndani.

Mambo manne ambayo chuo hakina budi kuyafunza

Tumelitafakari jambo hili, na kwa maoni yetu mwalimu tarajali wa elimu ya viumbe asitoke chuoni bila ya mambo manne.

La kwanza ni kutazama kabla ya kutaja. Mkufunzi akiwapa walimu tarajali konokono mmoja kwa kila meza na kuwaambia wamchore kwa nusu saa bila kufungua kitabu, watashangaa wasiyoyajua. Pembe zake ni ngapi? Macho yako wapi? Anapopanda kioo, tumbo lake lajipinda vipi? Mtu mzima aliyewahi kushangazwa na konokono hataona aibu kumwacha mtoto ashangae. Asiyewahi huharakia kutaja majina, kwani majina ndiyo pekee aliyo nayo.

La pili ni kuyajua maneno ya mtoto. Hapa lugha yetu ina msaada na ina mtego. Msaada ni kuwa Kiswahili chenyewe kimeshawakusanya viumbe wote chini ya upatanisho mmoja. Kaa anatembea, popo anaruka, siafu anauma, mtu anacheka: sarufi imemfunza mtoto, kabla ya shule, kuwa hawa wote ni hai na wanajisogeza wenyewe, tofauti na mti unaokua na jiwe lililolala. Mtego uko katika neno mnyama. Nyumbani, mnyama ni mbuzi, ng'ombe, simba. Kuku ni ndege, changu ni samaki, nzi ni mdudu. Darasani mtoto huambiwa kuwa wote hao ni wanyama, na hata yeye mwenyewe, kwa hesabu ya wanasayansi, yumo. Mwalimu asiyejua kuwa neno moja lina maana mbili atadhani mtoto ni mzito wa akili, na huenda mzazi nyumbani akadhani mtoto ametukanwa. Mwalimu aliyeandaliwa atayaweka wazi: hii ni maana ya nyumbani, hii ni maana ya somo la sayansi, na zote mbili zina mahali pake. Vivyo hivyo popo, ambaye wengi humwita ndege, na nyangumi, ambaye wengi humwita samaki. Wote wawili huzaa na kunyonyesha. Na kwa kuwa kuanzia gredi ya 4 masomo hufunzwa kwa Kiingereza, mwalimu asiyejua jina la Kiswahili la kiumbe amemkatia mtoto daraja kati ya anachokijua na anachofunzwa.

La tatu ni kufanya kazi kubwa kwa vifaa vidogo, na darasa likiwa limejaa. Tuchukue mfano wa mbu, kwa sababu ni jambo la uhai na mauti. Chupa ya kioo, maji ya mtaroni yenye viluwiluwi, kipande cha chandarua na uzi wa kukifunga mdomoni: hiyo ni maabara kamili. Watoto watatazama kila siku. Wataona viluwiluwi vikija juu kuvuta hewa. Vya mbu waenezao malaria hulala sambamba na uso wa maji, na vya mbu wengine huning'inia kwa mshazari. Wataona kiluwiluwi akijikunja akawa mfano wa mkato wa maandishi, kisha siku moja mbu ametoka. Darasa la Mombasa na darasa la Nakuru wakiandikiana matokeo yao, watagundua kuwa penye joto mbu hukua upesi kuliko penye baridi, na hapo watakuwa wameingia katika sayansi ya kweli. Mwalimu tarajali lazima aifanye kazi hii mwenyewe chuoni, hadi mwisho, na ajue pia adabu zake: chandarua kisifunguliwe, mikono ioshwe, na maji yamwagwe kwenye udongo mkavu kazi ikiisha.

Wenye kuona kuwa huo ni mchezo wa watoto na wakumbuke kuwa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 mji wa Mombasa ulipatwa na mlipuko wa chikungunya, maradhi yanayoletwa na mbu wauma mchana, wanaozaliana katika mapipa, makopo na magurudumu makuukuu yenye maji. Mtoto aliyekariri kuwa mbu ana hatua nne za maisha hupata alama. Mtoto aliyeziona hatua hizo kwa macho yake hurudi nyumbani akamwaga maji ya kopo lililo nyuma ya jiko, akamweleza na bibi yake kwa nini. Huyu wa pili ndiye tunayemtaka.

La nne ni kusema "sijui" kwa heshima, kisha kuongeza "tutazame". Katika utamaduni wetu mwalimu huonekana kuwa kisima cha kila jibu, na kijana aliyetoka chuoni juzi huogopa kufedheheka mbele ya watoto. Chuo kimzoeze kuwa swali asilolijua ni mwanzo wa somo. Na kimfunze namna ya kutofautisha swali ambalo darasa laweza kulijibu kwa kutazama, swali la kutafutwa kitabuni, na swali la kupelekwa kwa mvuvi, mfugaji au daktari wa mifugo.

Maswali ya wazazi

Twajua kuwa baadhi ya wazazi wana wasiwasi wao, nao ni haki yao. Wengine huuliza: je, binti yangu atalazimika kuua na kupasua viumbe? Kwa mafunzo ya watoto wa shule ya msingi, karibu kila lililo muhimu hupatikana kwa kutazama viumbe wakiwa hai na kuwarejesha walikotoka. Samaki wa kuliwa jioni, akitazamwa matamvua yake na mapezi yake kabla ya kuingia chunguni, ametimiza somo na kitoweo. Kumfunza mtoto kumrudisha chura pale alipookotwa, bila kumwumiza, ni sehemu ya somo, na kwa Mwislamu huruma kwa viumbe si jambo la pembeni. Hakuna asiyekijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka wala asimlishe.

Wengine huuliza kama elimu hii inawafaa hasa watoto wetu, au ni mambo ya kuigwa kutoka kwa wengine. Na tujikumbushe kuwa sura za Qur'ani zimepewa majina ya nyuki, sisimizi, buibui na tembo. Tujikumbushe pia kuwa al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha majalada kadhaa juu ya wanyama, na kuwa ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, alitunga kamusi ya wanyama iliyosomwa kwa karne nyingi baada yake. Kutazama viumbe kwa makini ni kazi ambayo wazee wetu katika elimu waliipa umri wao.

Wapo pia wanaosema kuwa mafunzo haya ni ya walio karibu na mbuga. Ni kweli kuwa Nakuru wamebarikiwa. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya, kilichoasisiwa mwaka 1968, kina bweni la vijana ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru, na wanafunzi kutoka pande nyingi za nchi wamelala humo. Si mbali na mji, huko Kariandusi, ardhi nyeupe inayochimbwa imefanyika kwa maganda ya vijiumbe vya majini visivyoonekana kwa macho matupu. Ni ushahidi kuwa maziwa ya bonde hilo yalipanda na kushuka zama nyingi kabla yetu. Lakini mtoto wa mjini Nakuru ambaye hana nauli wala kiingilio cha mbuga bado ana kinyonga kwenye ua na pimbi miambani. Nasi wa pwani, maji yanapokupwa, bahari hutuachia darasa ambalo mwalimu wa Nakuru angelitamani: kaa, kombe, kiti cha pweza, vyote katika dimbwi moja la maji, bila kiingilio.

Tufanye nini?

Kwa mzazi mwenye kijana anayeelekea ualimu, tuna shauri moja la kutenda. Kabla ya kulipa karo, ulizeni chuo maswali haya. Walimu tarajali hutoka nje ya darasa mara ngapi kwa muhula? Hufuga au hupanda nini wao wenyewe? Katika mazoezi ya kufundisha, hukaguliwa kwa maandishi ya ubaoni tu, au pia kwa maswali waliyoyaibua kwa watoto? Chuo kizuri hakitaudhika kwa kuulizwa.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi, shauri letu ni jepesi zaidi. Mwalimu akimtuma mtoto alete chupa, mchanga au jani lenye mayai ya kipepeo, tusimcheke wala tusilalamike kuwa shule imekuwa mchezo. Huo ndio wakati wa kumwunga mkono mwalimu, kwani huenda amepigana peke yake na mazoea ya miaka arobaini. Na mama aliye jikoni asidhani kuwa hana la kuchangia. Anayejua samaki mbichi kwa kumtazama jicho na matamvua, anayejua yai viza kwa kulitia majini, ana elimu ya viumbe ambayo mwalimu angefurahi kuialika darasani.

Ziwa Nakuru litapanda au litashuka kwa amri ya Muumba wake, na heroe watarudi au watakaa Bogoria. Vitabu vitachelewa kuyaandika hayo, kwani kitabu ni lazima kichapwe, na maji hayangoji. Atakayeyawahi ni mwalimu mwenye macho. Tumwombe Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu walioko vyuoni wawe wa namna hiyo, kisha nasi tutimize sehemu yetu. Wikendi hii, chini ya upenu wa nyumba, atafutwe yule mdudu wa kishimo. Mtoto apewe kopo la mchanga, na aachwe aulize.